Noti ya mgonjwa kwenye mfumo wa kielektroniki: kuchapa, kujaza fomu, kutoa imla, kuweka karani au kuiachia programu?

Hospitali inayoingia kwenye mfumo wa kielektroniki, au inayotaka kuuacha ilio nao na kuchukua mwingine, hubishana kwa miezi kuhusu seva, leseni, mtandao na mafunzo. Swali la jinsi daktari, muuguzi au tabibu atakavyoingiza maneno yake ndani ya mfumo huo huachwa hadi mwisho, kana kwamba kila mtu atajitafutia njia yake. Mfumo unawashwa, foleni inarefuka, na watu waliosomea kuhudumia wagonjwa wanabaki wakichapa hadi usiku.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wenye kuamua: wakuu wa idara, viongozi wa wauguzi, watu wa TEHAMA, na wahudumu wa kawaida wanaoulizwa maoni siku mbili kabla ya mkataba kusainiwa. Njia zilizoko leo ni tano. Unaweza kuchapa kwa maneno huru. Kujaza fomu na violezo. Kutoa imla ambayo kompyuta inaigeuza kuwa maandishi. Kumweka karani anayeandika wakati daktari anazungumza na mgonjwa. Au kutumia programu ya akili mnemba inayosikiliza mazungumzo na kuandaa noti yenyewe.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime njiani: hakuna njia moja inayotosha noti nzima, kwa kuwa noti si kazi moja. Orodha ya dawa na mzio ni kazi ya kwanza. Alichosimulia mgonjwa ni ya pili. Anachofikiri daktari baada ya kusikiliza na kupima ni ya tatu. Anayenunua zana moja kwa kazi zote tatu ataharibu angalau moja, na mara nyingi inayoharibika ni hiyo ya tatu.

Kabla ya zana, angalia unachodai kiandikwe

Mwaka 1968 daktari Mmarekani Lawrence Weed alipendekeza faili la mgonjwa lipangwe kufuata matatizo ya mgonjwa huyo, na kila tatizo liandikiwe sehemu nne: anachosema mgonjwa, kilichoonekana na kupimwa, tathmini ya daktari, na mpango. Mpangilio huo bado unafundishwa vyuoni sehemu nyingi duniani. Weed alitaka daktari mwingine akilifungua faili aweze kufuata hoja ya mwenzake hatua kwa hatua, aone ilipokaa sawa na ilipoyumba.

Baadaye wakaja wasomaji wengine. Bima inataka uthibitisho wa kila kilichofanyika. Wanasheria wanataka ushahidi. Watafiti na wasimamizi wanataka takwimu. Kila mmoja akaongeza mstari wake, na kompyuta ikarahisisha kuongeza mistari. Marekani ndiyo imeandikwa zaidi kuhusu hili, hasa baada ya sheria ya HITECH ya mwaka 2009 kumwaga mabilioni ya dola ili hospitali na kliniki zihamie kwenye mifumo ya kielektroniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia madaktari 57 wakiwa kazini, uliona kwamba kwa kila saa moja ya kuwa uso kwa uso na wagonjwa, karibu saa mbili zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine ulionyesha madaktari wa huduma ya msingi wakitumia saa 5.9 za siku ya kazi ya saa 11.4 ndani ya mfumo.

Ni rahisi kuilaumu programu. Lakini mwaka 2018 watafiti walilinganisha noti za Marekani na za nchi nyingine zilizokuwa zikitumia programu ileile, wakakuta za Marekani ni ndefu karibu mara nne. Programu moja, urefu tofauti. Tofauti ilitoka kwenye madai ya nje: malipo, kanuni, hofu ya kesi. Ndiyo maana Januari 2021 kanuni za malipo za huko zilibadilishwa, na kiwango cha malipo ya ziara ya kliniki kikaacha kutegemea idadi ya vipengele vya historia na uchunguzi vilivyoorodheshwa. Sasa kinategemea uzito wa maamuzi ya kitabibu au muda uliotumika.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha zana, chukua noti chache za wiki iliyopita, kaa na wenzako, mkate kila mstari ambao hakuna mtu wa zamu inayofuata atausoma. Kwa kila mstari uliokatwa uliza nani aliudai. Mingine itakuwa na mwenyewe na itabidi ibaki. Mingi haitakuwa na mwenyewe. Kasi ya zana yoyote mtakayonunua itaishia kuzalisha takataka haraka zaidi kama hatua hii mmeiruka.

Maneno huru na fomu, ana kwa ana

Mgonjwa analalamikia kifua. Fomu inampa daktari visanduku, naye anaviweka hivi:

Maumivu ya kifua: ndiyo. Muda: wiki 2. Ukali: 6 kati ya 10. Yanaongezeka kwa kazi: ndiyo.

Mwenzake anayeandika kwa maneno huru anaweka hivi:

"Kifua kinambana akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akisimama dakika chache kinaachia. Wiki ya pili sasa. Jana usiku kilimbana akiwa amekaa tu."

Sentensi ya mwisho ndiyo noti yenyewe. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa mapumziko yanaweza kupangiwa vipimo na miadi ya karibu. Maumivu yaliyoanza kuja mtu akiwa amekaa ni dharura, kwa sababu yanaweza kuwa dalili kwamba mshipa wa moyo uko njiani kuziba. Fomu haikukosea popote. Kila kisanduku kina jibu sahihi. Ila haikuwa na mahali pa kuweka "jana usiku", na daktari aliyechoka hatafuti mahali ambapo hapapo.

Sasa geuza upande. Mgonjwa ana mzio wa penisilini, na daktari ameandika hivyo vizuri sana katikati ya aya ya tatu ya noti ya miaka miwili iliyopita. Usiku wa leo mtu mwingine anaagiza amoksisilini, dawa ya jamii ileile ya penisilini. Mfumo unakaa kimya, kwa kuwa aya haina mlango wa kuingilia kwenye agizo la dawa. Mzio huohuo ungewekwa kwenye sehemu yake, kwa msimbo unaoeleweka na mashine, onyo lingetokea kabla agizo halijapita. Hapa fomu inaokoa maisha, na maneno huru hayana la kujibu. Ndivyo ilivyo pia kwa uzito wa mtoto unaotumika kukokotoa dozi, tarehe za chanjo, matokeo ya maabara, na utambuzi wa ugonjwa uliopewa msimbo wa ICD, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ili takwimu zihesabike. Viwango kama SNOMED CT kwa istilahi, LOINC kwa vipimo na FHIR kwa kupitisha taarifa kati ya mifumo vinafanya kazi pale tu ambapo taarifa imewekwa kwenye sehemu yake.

Kila njia ina ugonjwa wake sugu. Wa fomu ni kubofya "kawaida" kwenye kila kiungo. Utafiti wa mwaka 2019 uliwafuatilia madaktari 9 wa mafunzo katika idara za dharura, wakihudumia wagonjwa 180, huku watazamaji wakiandika kilichofanyika kweli. Katika maswali ya mapitio ya dalili za mwili mzima, ni asilimia 38.5 tu ya yaliyoandikwa yaliyothibitika. Katika uchunguzi wa mwili, asilimia 53.2. Huenda sehemu ya yale mengine ilifanywa bila mtazamaji kuona, lakini pengo la namna hiyo halifichiki. Fomu inayojijaza yenyewe inamwomba mtu asaini jambo asilolifanya, tena inamwomba saa ambazo hana nguvu ya kukataa.

Ugonjwa wa maneno huru ni kunakili na kubandika. Katika hospitali ya chuo kikuu huko San Francisco, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia noti zaidi ya 23,000 za wodini. Asilimia 18 ya maandishi ilichapwa kwa mkono, asilimia 46 ilinakiliwa, na asilimia 36 iliingizwa moja kwa moja kutoka sehemu nyingine za mfumo. Ndipo unakuta mgonjwa ambaye kwa noti yake yuko "siku ya pili baada ya upasuaji" wakati nyuzi zimeshatolewa. Siwalaumu wanaonakili. Mtu aliyedaiwa kurasa tatu kila siku kwa mgonjwa ambaye hajabadilika atanakili, na angekuwa mwingine angenakili vilevile. Watafiti hao waliweza kuhesabu kwa sababu mfumo wao ulionyesha kila herufi ilitoka wapi. Kipengele hicho kikiwepo kwenye mfumo mnaoutazama, kipeni uzito mkubwa kuliko mwonekano mzuri wa kurasa.

Imla

Mtu wa kawaida huzungumza maneno zaidi ya mia moja kwa dakika, na wahudumu wengi hawachapi hata nusu ya hayo. Hapo ndipo imla inapata nguvu yake. Idara za radiolojia na patholojia zimeitumia miaka mingi na haziko tayari kuiacha: mtu anatazama picha au kioo cha darubini, mikono ina kazi, mdomo uko huru.

Tatizo ni makosa na nani anayasahihisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikagua noti 217 zilizotolewa kwa imla. Maandishi yalipotoka kwenye kompyuta yalikuwa na makosa 7.4 kwa kila maneno 100. Yalipopitiwa na mhariri mtaalamu yalishuka hadi 0.4, na daktari aliposaini yakawa 0.3. Angalia ni nani aliyefanya kazi kubwa: mhariri. Hospitali nyingi zinaponunua programu ya imla huondoa mhariri ili kuokoa fedha, na kazi yake inamwangukia daktari bila mtu kuitaja kwenye bajeti.

Kuna suala la nani anasikika. Mwaka 2020 watafiti walijaribu mifumo ya kutambua sauti ya kampuni tano kubwa, wakakuta wastani wa maneno yaliyokosewa ulikuwa asilimia 35 kwa wazungumzaji Weusi wa Marekani na asilimia 19 kwa Wazungu, wote wakizungumza Kiingereza. Anayefanya kazi kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko wa lugha mbili ndani ya sentensi moja kama tunavyozungumza kazini, asikubali onyesho la muuzaji. Atoe imla yake mwenyewe, kwa kasi yake, na majina ya dawa anayoandika kila siku. "Nina mzio" na "sina mzio" vinatofautiana kwa sauti moja tu mwanzoni mwa neno, na feni ya dari inatosha kuimeza.

Hata hivyo naiheshimu imla kwa jambo ambalo watu hulisahau: sentensi ni ya daktari. Ili aseme, lazima kwanza aamue. Makosa yake nayo huonekana. Neno lililosikika vibaya hukaa kwenye sentensi likiwa limevunjika, na jicho hulikwaa hata likiwa na usingizi.

Karani

Karani wa kitabibu hukaa chumbani, au husikiliza kwa mbali, akaandika wakati daktari anahoji na kupima. Jaribio la nasibu, yaani ambalo wanaopata na wasiopata huduma hupangwa kwa kura, lililofanyika katika idara za dharura nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha madaktari wenye makarani wakipanda kutoka wagonjwa 1.13 kwa saa hadi 1.31, na wagonjwa wakikaa muda mfupi zaidi idarani. Kati ya njia zote tano, hii ndiyo ambayo ushahidi wake wa kasi naukubali bila kusitasita.

Gharama ni mshahara, mafunzo, na watu wanaoondoka mara wanapozoea kazi, maana wengi huichukua wakiwa njiani kwenda chuo cha tiba. Halafu kuna mtu wa tatu chumbani. Mwanamke aliyekuja kusema kinachotokea nyumbani kwake, au kijana mwenye dalili za ugonjwa wa zinaa, anaweza kubadilisha habari anapomwona. Kwa idara ya dharura yenye foleni, karani ni chaguo zuri. Kwa kliniki ndogo, kwa kawaida hailipi.

Programu inayosikiliza

Hii ndiyo inayozungumzwa kila mahali sasa, kwa hiyo tuikalie.

Simu au kipaza sauti kinawekwa mezani kwa ridhaa ya mgonjwa. Sehemu ya kwanza ya programu hugeuza sauti kuwa maandishi. Sehemu ya pili, modeli kubwa ya lugha (programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi ili itunge sentensi yenyewe), huchukua maandishi hayo yenye kukatizana na kurudiarudia, ikayapanga kuwa noti yenye historia, uchunguzi, tathmini na mpango. Daktari anasoma, anarekebisha, anasaini. Kundi la madaktari wa Permanente, wanaohudumia mtandao wa hospitali na kliniki wa Kaiser Permanente huko California, liliripoti mwaka 2024 kwamba ndani ya wiki 10 madaktari 3,442 waliitumia katika ziara 303,266 za wagonjwa. Hicho si kiwango cha majaribio tena.

Faida inayotajwa kwanza na wanaoitumia ni macho: daktari anamtazama mgonjwa. Naiamini, na sidhani ni jambo dogo. Faida ya muda inahitaji tahadhari. Jaribio la nasibu lililochapishwa mwaka 2025, lenye madaktari 238 na programu mbili tofauti, lilionyesha kwamba moja ilipunguza muda wa kuandika noti kwa takriban asilimia 10, na nyingine haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo anayeahidiwa saa mbili kwa siku aulize zilipimwaje, na zilipimwa kwa programu ipi hasa, kwa kuwa jina la jumla la teknolojia halitoshi.

Sasa makosa. Programu inaweza kuacha jambo, kulipindisha, au kulibuni. Uchunguzi wa mwaka 2024 kuhusu Whisper, mfumo wa OpenAI wa kugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vina sentensi au vifungu ambavyo hakuna mtu aliyevitamka, na zaidi ya theluthi ya vifungu hivyo vilikuwa na maudhui ya kudhuru. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wenye afasia, yaani tatizo la ubongo linalovuruga uwezo wa kusema, ambao hunyamaza kwa muda mrefu katikati ya maneno. Mashine ilijaza kimya chao. Anayefanya kazi ya kliniki anajua kimya kinakuja lini. Kinakuja kabla ya mgonjwa kusema lile alilolijia hasa.

Linganisha na imla hapa. Kosa la imla huvunja sentensi. Kosa la modeli ya lugha huja limevaa sentensi safi, yenye mpangilio, yenye sauti ya daktari mzoefu. "Mgonjwa hana historia ya kifafa katika familia" inasomeka vilevile iwe swali hilo liliulizwa au halikuulizwa. Kukagua maandishi mazuri kuliko unayoandika mwenyewe, mara ishirini kwa siku, ni kazi ngumu ambayo akili ya binadamu huichoka haraka. Mkaguzi ndiye anayebeba sahihi, kwa hiyo ndiye anayebeba lawama.

Kuna mapungufu mawili ambayo hayatatibiwa na modeli bora zaidi. La kwanza, programu ya sauti inasikia tu. Tumbo lililoguswa na kukutwa gumu, kidonda kilichopungua, mwendo wa mgonjwa alipoingia, vyote havimo isipokuwa daktari avitaje kwa sauti. Wengi hujifunza kusema wanapopima: "Hapa chini kulia kuna maumivu nikibonyeza." Ni tabia nzuri, na wagonjwa huipenda, lakini lazima ifundishwe.

La pili ni zito zaidi. Daktari hasemi mbele ya mgonjwa kila anachofikiri. Anaposema "tufanye kipimo kimoja zaidi", kichwani ana magonjwa matatu, moja ni saratani, na ana sababu ya kuanza na jingine kwanza. Hayo hayakutamkwa, hivyo mashine haiwezi kuyaandika. Itaandika "kipimo zaidi kimeagizwa", au itabashiri sababu inayofanana na sababu za wagonjwa wengi. Sehemu ya tathmini, ile ambayo Weed aliipanga ili mwenzako akufuate, inabaki tupu au inajaa mawazo yasiyo ya mtu yeyote. Kwa sababu hiyo nasema wazi: tathmini isiachiwe programu. Mistari mitatu iliyochapwa au kutamkwa na mwenye kufikiri inashinda aya mbili zilizopangwa vizuri.

Kwenye faragha, orodha ya maswali ni fupi na majibu yake yawe ndani ya mkataba. Sauti inakwenda kwenye seva za nani, na ziko chini ya sheria ya nchi gani? Inafutwa lini? Je, itatumika kufundisha modeli? Mgonjwa akikataa kurekodiwa, daktari ana njia nyingine iliyo tayari siku hiyohiyo, au atamshawishi akubali kwa kuwa hana? Mama aliyekuja na mtoto, au ndugu aliyekuja kutafsiri, naye anasikika; ridhaa yake nayo inahesabika.

Msomaji mpya ni mgonjwa

Mwaka 2010 mradi wa OpenNotes ulianza Marekani ukiwa na madaktari 105 wa huduma ya msingi waliokubali wagonjwa wao wasome noti. Kufikia Aprili 2021 kanuni za nchi hiyo zilidai mgonjwa apewe noti zake kwa njia ya kielektroniki bila kucheleweshwa. Nchi nyingine zinaelekea huko kwa kasi tofauti.

Hili linabadilisha ulinganisho. Noti ya visanduku haimwambii mgonjwa chochote. Noti ya programu inayosikiliza humsomekea vizuri, na yeye ndiye shahidi pekee mwingine aliyekuwa chumbani; ndiye anayeweza kusema "hili sikulisema". Anayenunua programu ya aina hii ahakikishe mgonjwa ana mahali pa kuomba marekebisho, na mtu wa kuyashughulikia. Nje ya hapo unapoteza mkaguzi bora uliye naye.

Ningechagua nini, kwa nani

Kwa kituo chenye mtandao wa kukatika au lugha ambayo mashine haijaizoea: fomu fupi sana kwa dawa, mzio, vipimo na utambuzi, na kisanduku kimoja kikubwa cha maneno huru kwa mengine yote. Mfumo uweze kufanya kazi bila mtandao na kulinganisha taarifa mtandao ukirudi. Msione aibu kuanzia hapo.

Kwa radiolojia na patholojia: imla, na mhariri abaki angalau kwa ripoti ngumu.

Kwa dharura: karani kama fedha ipo. Kama haipo, imla kwa historia na tathmini, fomu kwa alama muhimu za mwili (kama joto, mapigo na shinikizo la damu) na dawa. Programu inayosikiliza huteseka kwenye kelele na watu watano wanaozungumza kwa pamoja.

Kwa kliniki za magonjwa sugu, ambako ziara nyingi ni mazungumzo: programu inayosikiliza kwa alichosimulia mgonjwa, fomu kwa shinikizo la damu, sukari na dawa, na tathmini kwa mkono wa daktari. Hapa ndipo naiona ikiwa na nafasi nzuri kuliko mahali pengine popote.

Kwa afya ya akili: kuchapa baada ya kikao. Mtu anayejua kwamba kila neno linarekodiwa hazungumzi vilevile.

Kwa wodi: noti ya kila siku iandike kilichobadilika tu, na mengine yabaki mahali pake yanapoweza kufunguliwa. Kunakili kuruhusiwe lakini kuonekane kwa rangi.

Wauguzi nimewaweka mwisho kwa kusikitika, kwa sababu soko nalo limewaweka mwisho. Programu nyingi za kusikiliza zilijengwa kwa mazungumzo ya daktari na mgonjwa, ilhali kazi ya muuguzi imejaa vipimo vya kila saa, dawa zilizotolewa, majimaji yaliyoingia na kutoka. Kinachomsaidia zaidi ni mashine za wodini kupeleka namba zenyewe kwenye mfumo, ili asizinakili kwenye kiganja na kuzichapa baadaye. Mkiwa na fedha ya jambo moja tu, fikirieni hilo kwanza.

Mnapojaribu zana, pimeni mambo yanayouma. Hesabuni dakika kati ya mgonjwa kutoka na noti kusainiwa, na muda unaotumika baada ya zamu. Rekodini ni mara ngapi dawa, dozi, upande wa mwili au neno la kukanusha lilirekebishwa. Kisha mpeni noti mhudumu ambaye hakumwona mgonjwa, mumuulize mambo mawili: mpango ni upi, na kwa nini. Akijibu la kwanza akashindwa la pili, zana hiyo imeandika bila kufikisha.

Na kuna uamuzi mmoja ambao hautakuwa mwepesi. Mifumo inayokuja itasoma faili zima na kumpa daktari muhtasari wa miaka kumi kwa dakika moja. Ikisoma noti zilizonakiliwa na sentensi zilizobuniwa, itazipa nguvu mpya, na kosa la ziara moja litakuwa historia ya mgonjwa. Dawa yake ni kila sentensi kubeba alama ya ilikotoka: mtu aliyeichapa, kifaa kilichoipima, au modeli iliyoiandika. Baadhi ya programu tayari huruhusu ubofye sentensi usikie kipande cha sauti kilichoizaa. Lakini kipande hicho kipo tu kama sauti haijafutwa, na faragha inataka ifutwe mapema. Mimi ningehifadhi sauti hadi mgonjwa apate nafasi ya kusoma noti yake na muda wa kuipinga upite, kisha ifutwe kabisa, na tarehe hiyo ningeiandika kwenye mkataba na kwenye karatasi ya ridhaa anayopewa mgonjwa kabla kipaza sauti hakijawashwa.